Mkia Haupandi Gari

Gauni lilikuwa linaning'inia dirishani mwa pikapu ya kaka yangu tangu saa kumi na moja alfajiri, na ilipofika saa nane mchana nilikuwa nimelichukia kuliko upepo. Upepo angalau haukushonwa na mtu. Gauni lile Mama alikuwa amelipeleka kwa mshonaji wa mtaa wa pili, mpinzani wangu wa biashara, ilhali mimi bintiye nina cherehani mbili na wateja mpaka mwezi ujao. Mkono wa kushoto ulikuwa umepachikwa vibaya. Kila pikapu iliposogea ubavuni mwa baiskeli yangu, nililiona bega lile la kupinda likinicheka.

"Kilomita mia moja thelathini na sita," kaka alisema dirishani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika chupa ya maji baridi ambayo hakunipa. "Zimebaki sitini na nne. Unajua sitini na nne ni nyingi kiasi gani?"

"Najua kuhesabu, Kaka."

"Mgeni anafika saa kumi na moja. Ukipanda sasa hivi unawahi kuoga, unavaa, unakaa sebuleni kama mtoto wa watu."

"Kwani hapa nimekaa kama mtoto wa nani?"

"Sikio la kufa halisikii dawa."

"Ndiyo maana mmeniletea mwenye duka la dawa?"

Alitaka kucheka, nilimwona. Akakibana kicheko, akapunguza mwendo na kurudi nyuma kunifuata kama alivyonifuata siku nzima.

Nina miaka thelathini na tatu. Mwanaume ninayempenda ana ishirini na saba. Kwa hesabu za nyumbani kwetu hiyo ni kesi ya jinai. Mama alilia siku mbili. Kaka, ambaye tangu Baba afariki amejipa cheo cha Baba, hakulia, alipiga hesabu. "Wewe ukifika hamsini, yeye ana arobaini na nne, anatafuta wa thelathini. Halafu nani atakufuta machozi? Mimi?" Nikamwambia leso nashona mwenyewe. Basi yakawa mabishano ya kila jioni, mpaka siku aliposikia chama chetu cha baiskeli kina safari ya kilomita mia mbili kwa siku moja, na kwamba nimejiandikisha.

"Wewe? Mia mbili? Sokoni tu unarudi unahema."

"Mimi."

"Haya. Siku hiyo gari la kubeba waliochoka nitaendesha mimi. Ukipanda gari langu, hata mara moja, yule kijana umemsahau na unakaa na mgeni. Usipopanda, sitafungua mdomo wangu tena."

Tukapeana mikono mbele ya Mama. Kesho yake kaka akajitolea pikapu yake kwa chama, bure, kwa ukarimu ambao hatukuwahi kuushuhudia nyumbani. Na mgeni, yule mwenye duka la dawa waliyetaka anioe, akaalikwa jioni ya siku ileile. Walikuwa na uhakika kwamba saa sita mchana ningekuwa nimeshaketi kwenye kiti cha mbele.

Mwanaume mwenyewe anaitwa Cheche, kwa sababu anachomelea mageti na madirisha na mikono yake ina madoa madogo ya moto. Mimi huko chamani wananiita Sindano. Siku ile Cheche alikuwa mkia.

Mkia ni mtu mmoja anayevaa kizibao chekundu na kukaa nyuma ya yule wa mwisho kabisa. Kinavaliwa kwa zamu, na zamu ya Jumamosi ile ilimwangukia yeye. Sheria za chama ni chache. Barabara kuu ni mstari mmoja, hakuna kwenda wawili wawili. Kila kituo unagongewa muhuri kwenye kadi yako. Mkia hausukumi mtu, hauvuti mtu, haupiti mtu. Ukikupita, safari yako imekwisha, kadi inafungwa. Na wenyewe haupandi gari hata iweje, kwa sababu mkia ukipanda gari, nani atajua kama watu wote wamefika?

Wa mwisho kabisa nilikuwa mimi. Kwa hiyo kwa muda wa saa tisa nzima nilimsikia mpenzi wangu nyuma yangu, nisimwone. Nilimjua kwa mnyororo wake, unaolia kidogo akibadilisha gia, na kwa namna anavyokohoa akitaka kusema kitu halafu akakimeza. Kwenye vilima nilisikia anapumua pamoja na mimi. Tulipokuwa tunasimama kunywa maji alinitazama juu ya chupa, na mimi nikamtazama, na kaka akapiga honi.

Baada ya kilomita ya mia moja na arobaini barabara ilipinda, na upepo tuliokuwa nao ubavuni ukatujia usoni. Barabara ilikuwa tambarare, hakuna mti wala ukuta. Niliinamisha kichwa. Nikawa nakwenda mwendo wa mtu anayetafuta sarafu chini. Mabega yaliniwaka, macho yakatoka machozi yasiyo ya kulia. Nilianza kuhesabu mizunguko ya pedali, kumi, halafu kumi nyingine, na katikati ya kumi moja hivi upepo ukakatika ghafla.

Nilifikiri Mungu amenisikia. Nikainua uso kumshukuru, nikaona kizibao chekundu.

Kilikuwa mbele yangu.

"Pumzika kidogo," Cheche alisema bila kugeuka. "Jifiche mgongoni kwangu, nakukingia."

"Cheche."

"Usiongee. Pumua."

"Cheche, umenipita."

Aligeuka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Nyuma yetu honi ya kaka ililia mara tatu, kwa furaha, kama ya gari la harusi.

Tulisimama pembeni ya barabara. Kaka alishuka, akafungua mlango wa abiria, akafuta vumbi kwenye kiti kwa kiganja chake.

"Nani alikutuma?" nilimwuliza Cheche.

"Nilikuwa nakuona unavyo..."

"Nimeuliza nani alikutuma."

"Hakuna. Nilisahau. Nilisahau kama nimevaa hiki kitu." Alishika kizibao kama kinamuunguza. "Saa tisa nzima niko nyuma yako, nakutazama unavyoumia, siruhusiwi hata kukugusa. Mimi nachomelea chuma, Sindano, sikuumbwa kwa chuma."

"Na mimi si yai." Sauti yangu ilitetemeka, nikaiacha itetemeke. "Mama ananifunika kwa gauni. Kaka ananifunika kwa gari. Nilijua duniani yupo mtu mmoja tu anayeniacha nipigwe na upepo wangu mwenyewe. Kumbe na wewe unao mgongo wa kunifunikia."

Macho yalimjaa, akayaelekeza kwenye lami. Moyo uliniuma, maana nilitaka kumshika uso kwa mikono miwili na wakati huohuo nilitaka kumpiga na pampu.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hapa tuko watatu tu. Kaka yako akikubali kunyamaza..."

"Sitaki."

"Sindano..."

"Sitaki kufika kwa kunyamaziwa."

Kaka akakohoa. "Mlango uko wazi, mdogo wangu. Sheria ni zenu, sikuzitunga mimi."

"Tulikubaliana nini, Kaka?"

"Ukipanda gari."

"Nimepanda?"

"Utapanda. Mwenyekiti wenu atakupandisha mwenyewe."

"Basi tukamwone Mwenyekiti," nikasema, nikarudi kwenye baiskeli. "Na wewe upite taratibu, unatutimulia vumbi."

Mwenyekiti wetu ni mkunga mstaafu. Alikuwa ameweka meza chini ya turubai kwenye kituo cha mafuta, kilomita ya mia na hamsini, muhuri na wino mbele yake. Mwalimu wa hesabu na muuza mikate walikuwa bado pale, wamekaa chini, miguu wameinyoosha. Niliweka kadi yangu mezani. Kaka alikuwa ameshafungua mdomo, nikamtangulia.

"Mwenyekiti, mkia umenipita."

Mwenyekiti akavua miwani. Akamtazama Cheche kwa muda mrefu. "Kweli?"

"Kweli," Cheche alisema. "Lakini kosa ni langu. Yeye alikuwa anakwenda. Naomba uniadhibu mimi."

"Wewe zamu yako inakuja, usiwe na haraka." Akachukua kalamu, akapiga mstari kwenye kadi yangu, kutoka kona mpaka kona. Mihuri yangu miwili ilibaki chini ya mstari ule. "Pole, binti. Sheria nikiipindisha kwako, kesho nitaipindisha kwa nani?"

"Sijaomba uipindishe."

"Gari lile pale, basi."

Kaka alikuwa ameshaanza kutembea kwenda kuufungua tena ule mlango.

"Kadi umeifunga," nikasema. "Miguu yangu hujaifunga."

"Huwezi kuendelea bila kadi. Ukianguka huko mbele, utakuwa nani? Humo kwenye orodha yangu." Akamgeukia Cheche. "Na wewe, mkia unaopita mtu unavuliwa. Lete."

Cheche alivua kizibao, akakiweka mezani. Chini yake fulana ilikuwa imelowa. Mwenyekiti akakiinua juu, akawatazama wale wawili waliokaa. Muuza mikate akafunga macho. Mwalimu wa hesabu akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Nani anataka kuwa mtu wa mwisho kwa hiari, na njia yote iliyobaki ni upepo?

Nilikitazama kizibao, nikaitazama kadi yangu yenye mstari.

"Mwenyekiti, mkia una kadi?"

"Hauna. Unajua hauna."

"Na kwenye orodha umo?"

Aliitazama orodha. "Umo. Juu kabisa."

"Na gari?"

Sasa alielewa. Midomo yake ilicheza. Akamtazama kaka yangu aliyesimama na ule mlango wake wazi, akasema polepole, ili kila mtu asikie: "Mkia haupandi gari."

"Nipe."

"Binti, nimezalisha wanawake miaka thelathini na moja. Wapo wanaosema hawawezi kumbe wanaweza, na wapo wanaosema wanaweza kumbe hawawezi. Wewe ni yupi?"

"Sijui. Nikifika nitakwambia."

Akanivalisha mwenyewe. Kilikuwa na joto la Cheche na jasho lake, na kilinifika magotini. Fundi cherehani mzima, nikaondoka nimevaa kitu kisichonitosha hata kidogo.

Kwa hiyo kilomita hamsini za mwisho tulibadilishana. Mwalimu na muuza mikate walitutangulia, Cheche, ambaye hakuwa na kadi ya kufungwa na akaandikiwa mpya, akawa wa mwisho, mimi nikawa nyuma yake, na kaka nyuma yangu. Bado nilikuwa na hasira naye. Nilitaka aujue upepo ule bila kizibao, aone.

Aliuona. Saa tisa za kwenda mwendo wangu wa pole, si mwendo wake, zilikuwa zimemla miguu. Kilomita ya mia na sabini na nane, katika kilima kirefu cha mwisho, msuli wa paja lake la kulia ulikaza. Niliuona ukisimama chini ya ngozi. Aliguna, akaendelea kwa mguu mmoja, baiskeli ikawa inayumba, na mimi nilikuwa mita mbili nyuma yake.

Mita mbili tu. Ningenyoosha mkono ningemgusa mgongo. Ningepita mbele ningemkata upepo. Mikono yangu yenyewe ilianza kugeuza usukani, nawaambia kweli, na nilikuwa ninajua nimevaa nini. Nikaing'ang'ania breki. Hapo ndipo nilipomsamehe. Nilikaa nyuma yake muda wa saa mbili tu na nilikuwa nimeshindwa kuvumilia. Yeye alikaa saa tisa nzima.

"Cheche," nikaita.

"Nipo."

"Nikuone tu unavyoteseka hivi hivi?"

Alicheka, kicheko cha mtu mwenye maumivu. "Umeona, ee?"

"Nimeona. Lakini sikupiti."

"Usinipite." Akavuta pumzi. "Sindano, nisamehe."

"Endesha kwanza. Msamaha utaukuta juu."

Pikapu ikasogea. Ilinipita, ikamfikia Cheche, na kaka akautoa mkono kuufungua ule mlango huku gari likitambaa. Gauni likapepea.

"Panda, kijana," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakukuwa na kejeli ndani ya sauti yake. "Mguu huo utaupasua. Hakuna atakayekucheka."

"Asante, shemeji."

"Nani shemeji yako?"

"Nikifika juu nitauliza vizuri. Sasa hivi sina pumzi."

Gari lilikwenda sambamba na Cheche mita mia nzima. Kisha nikaona mkono wa kaka ukitoka dirishani na ile chupa ya maji baridi. Cheche akaipokea, akajimwagia yote pajani. Pikapu ikapunguza mwendo, ikarudi nyuma yangu, na nilipokuwa naipita nilichungulia dirishani. Gauni halikuwepo. Alikuwa amelishusha, amelikunja na kulitupa nyuma ya kiti.

Tulifika saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Wengine walikuwa wameshakunywa soda zao, lakini hakuna aliyeondoka, maana kwa chama chetu watu hawatawanyiki mpaka mkia uingie. Walipiga makofi. Mwenyekiti akaweka alama mbele ya jina la juu kabisa kwenye orodha.

"Wewe ni yupi, basi?" aliniuliza.

"Niliyesema sijui," nikamjibu. Miguu ilikataa kunishusha kwenye baiskeli, ikabidi niinamishe baiskeli nzima ili nitoke.

Kaka alikuwa ameegemea pikapu yake, simu mkononi. "Mgeni bado yupo nyumbani. Mama amenipigia mara sita."

"Umemwambia nini?"

Alijikuna shingo. "Nimemwambia hujapanda."

Tulitazamana. Nilimwona tena yule kaka aliyekuwa ananibeba mgongoni kwenye madimbwi, kabla ya kujipa cheo.

"Mimi nimekula kiapo cha kufunga mdomo," akasema. "Lakini Mama hakula. Utamalizana naye mwenyewe. Pakia baiskeli twende, sasa mashindano yameisha."

"Tangulia, Kaka. Kwetu ni kilomita tatu tu."

Alitazama gari, akanitazama mimi, akatikisa kichwa na kuingia ndani.

Cheche alipanda baiskeli yake kwa kuchechemea, akasubiri nitangulie ili akae nyuma yangu kama alivyozoea. Nikasimama.

"Njoo hapa ubavuni."

"Sheria ya chama, mstari mmoja."

"Hiyo ni ya barabara kuu. Mtaa wetu ni wa vumbi."

Tukaingia mtaani kwetu sambamba, usukani wangu na wake karibu vinagusana. Mshonaji wa mtaa wa pili alikuwa barazani kwa jirani, akasimama kabisa ili aone vizuri. Nikampungia mkono. Gari la mwenye duka la dawa lilikuwa limeegeshwa mbele ya geti letu, limeoshwa, linang'aa. Mwenyewe alitoka na Mama waliposikia mbwa wakibweka, mtu mzima wa heshima, suti ya kijivu, hana kosa lolote kwangu isipokuwa kwamba hakuna aliyeniuliza.

"Pole na safari, binti," alisema. "Naona umechoka sana."

"Asante, mzee wangu. Sijachoka."

Ulikuwa uongo. Magoti yalikuwa yanagongana ndani ya kile kizibao.

Mama alinikagua toka juu mpaka chini, vumbi, jasho, kitambaa chekundu kilichonifika magotini. "Gauni lako liko wapi? Na hicho ulichovaa ni kitu gani?"

"Ni cha mtu wa mwisho kufika, Mama. Na nimefika. Kwa miguu yangu, muulize mwanao."

Kaka alikuwa amesimama kando ya pikapu. Mama akamgeukia. Kaka akafumba midomo, akaibana kabisa, kisha akaitikia kwa kichwa mara moja.

Cheche alikuwa amebaki nje ya geti na baiskeli yake, mguu mmoja umeinuliwa kwa maumivu, macho chini, tayari kuambiwa aondoke. Nikarudi nikamshika mkono, ule wenye madoa ya moto na sasa mafuta ya mnyororo, nikamvuta mpaka mbele ya Mama, mbele ya mgeni, mbele ya jirani na mshonaji wake.

"Karibu ndani," nikamwambia, kwa sauti ambayo hata nyumba ya tatu waliisikia.